Mzee Wells na Taa Iliyosafisha Hewa

Kila mwaka katika jarida hili la chama chetu wenzangu huandika maisha ya mashujaa: Mekatilili wa Menza, Shaaban Robert, Elijah Masinde na wengine mnaowajua. Mwaka huu nimeomba nafasi niandike juu ya mtu ambaye hakushika mkuki wala hakutunga shairi. Jina lake William Firth Wells, Mmarekani, na popote madaktari wanapojadili jinsi kikohozi kinavyotoka kwa mtu mmoja kumwendea mwingine, lazima jina lake litajwe.

Nina sababu ya kumleta hapa Busia, nayo ni kifua kikuu. Mjomba wangu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akipeleka lori kutoka Mombasa hadi Kampala kupitia Malaba, aliugua ugonjwa huo. Alimeza dawa miezi sita bila kukosa hata siku moja, akapona, na sasa yuko barabarani tena. Lakini katika zile wiki za kwanza nyumbani palikuwa na mjadala si haba. Nani alale chumba kimoja naye? Sahani yake itengwe? Shangazi akaleta habari ya sokoni kwamba ati kuna taa ya zambarau inayoua viini hewani, na kila mwenye nyumba afaa awe nayo. Wengine wakacheka, wengine wakaanza kuchanga pesa. Mimi nikaenda maktabani.

Taa ya namna hiyo sote tunaijua kwa sura. Ingia duka lolote la kubadilisha pesa pale mpakani, utamwona karani akipitisha noti chini ya kijitaa cha zambarau kuona kama ni halali. Kwenye baadhi ya bucha na hoteli kuna nyingine inayovuta nzi na kuwachoma kwa umeme. Mwanga wao ni wa ukoo mmoja, nao huitwa urujuanimno, yaani mwanga ulio nje ya rangi ya mwisho ya upinde wa mvua, ambao macho yetu hayauoni. Ile zambarau tunayoiona ni masalio tu. Sasa, kama ilivyo katika kila ukoo, ndugu hawafanani tabia. Yule wa noti na yule wa nzi ni wapole kwa vijidudu. Unaweza kuwasha mwaka mzima na bakteria wakaendelea na shughuli zao. Ndugu aliye mkali ni yule ambaye Mzee Wells alimpandisha karibu na dari.

Wells alizaliwa Marekani katika miaka ya 1880, akasoma katika chuo kikuu cha ufundi cha MIT kule Massachusetts. Kazi yake ya kwanza haikuhusu hewa hata kidogo. Ilihusu maji na chaza. Chaza, kwa asiyewajua, ni wale viumbe wa baharini wanaoishi ndani ya kombe, na Wamarekani waliwala wabichi. Kwa kuwa miji ilimwaga uchafu wake baharini, walaji waliambukizwa homa ya matumbo. Wells akaonyesha, mwaka 1916, kwamba ukiwaweka chaza hao katika maji yaliyotiwa klorini watajisafisha wenyewe. Baadaye, akifanya kazi katika jimbo la New York, akafaulu kuwalea chaza tangu wakiwa wadogo wasioonekana kwa macho, kwa kuwatenga na maji kwa mashine inayozunguka kwa kasi kubwa.

Mnaweza kuniuliza chaza wanatuhusu nini sisi watu wa omena na ngege. Wanatuhusu kwa sababu hapo ndipo wazo lake kubwa lilipotoka. Wells aliishi wakati ambapo miji ilikuwa imeshinda kipindupindu na homa ya matumbo kwa kusafisha maji ya kunywa. Mtu hanywi maji aliyooga jirani yake. Lakini hewa je? Tunakaa darasani watu arobaini na zaidi, mmoja anapumua nje, mwingine anapumua ndani kile kile kilichotoka kwa mwenzake, na hakuna anayeona kinyaa. Wells aliona kinyaa. Alitaka hewa isafishwe kama maji.

Tatizo ni kwamba wakubwa wa afya wa wakati huo walikuwa wamekwisha kufunga faili ya hewa. Zamani watu waliamini kuwa magonjwa yote huletwa na harufu mbaya na hewa chafu. Vijidudu vilipogunduliwa, imani hiyo ikatupwa, na ikawa aibu kuizungumza. Mwaka 1910 Charles Chapin, daktari mkuu wa afya wa mji wa Providence, alitoa kitabu kilichowafundisha wengi kwamba maradhi huenezwa kwa kugusana na kwa matone ya mate yanayorushwa karibu, basi. Chapin hakuwa mjinga. Alikuwa anapigana na ushirikina wa siku zake. Ila mlango alioufunga ulikaa umefungwa muda mrefu kuliko alivyodhani.

Wells alianza kufundisha Harvard mwaka 1930. Akaichukua ile mashine yake ya kuzungusha, akaigeuza iwe ya kuvuta hewa badala ya maji, ili hewa ikipita ndani vijidudu vigandie kwenye kuta za chupa na kuhesabiwa. Kisha akafanya hesabu ambayo mpaka leo imo vitabuni, iliyochapishwa mwaka 1934. Hebu niieleze kwa lugha yetu. Mtu akikohoa au kupiga chafya hutoa matone ya kila ukubwa. Tone kubwa, lenye upana wa sehemu ya kumi ya milimita au zaidi, huanguka chini kama mchanga kabla halijakauka. Lakini tone dogo hukauka angani kwa muda mfupi kuliko unavyohitaji kusoma sentensi hii. Maji yakiisha, kinachobaki ni kiini kikavu, chembe nyepesi yenye kijidudu ndani. Hiyo haianguki. Inaelea kama moshi wa sigara na kuzunguka chumba kizima, hata aliyekohoa akishatoka na kufunga mlango.

Kwa hiyo kumtenga mgonjwa wa kifua kikuu sahani na kikombe, kama walivyotaka baadhi ya watu wetu pale nyumbani, ni kulinda mlango ambao mwizi hapitii. Vijidudu vya kifua kikuu vinapanda ile chembe nyepesi na kuteremka nayo hadi ndani kabisa ya mapafu.

Hapa sharti nimtaje mke wake. Mildred Weeks Wells alikuwa daktari, na katika habari nyingi amesahauliwa, ati mke wa fulani. Bwana alikuwa fundi wa mashine na hesabu. Bibi ndiye aliyejua maradhi yanavyotembea kati ya watoto, nani aliugua lini na aliketi na nani. Kazi ya shuleni nitakayoieleza hivi punde isingewezekana bila yeye.

Ile taa sasa. Kwamba mwanga unaua vijidudu halikuwa jambo jipya. Waingereza wawili, Downes na Blunt, walilionyesha mwaka 1877. Robert Koch, yule aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu na ambaye mwaka 1906 na 1907 alikuwa jirani yetu hapa katika visiwa vya Ssese, Uganda, akichunguza ugonjwa wa malale, alitangaza mwaka 1890 kwamba jua huua kijidudu hicho. Naye Niels Finsen wa Denmark alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa taa. Mwanga mkali zaidi katika ukoo huo hautufikii kutoka kwenye jua kwa sababu tabaka la ozoni huko juu huuzuia. Lakini taa yenye mvuke wa zebaki hutoa mwanga huo, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 254, nao ukikipiga kijidudu huharibu maandishi yake ya urithi hata kisiweze kuzaana. Kijidudu kisichozaana hakimwambukizi mtu.

Ujanja wa Wells ulikuwa mahali pa kuitundika. Mwanga huo huunguza macho na ngozi, kwa hiyo huwezi kuwamulika watu. Yeye akaiweka juu ya vichwa, ikiwa na vizuizi vinavyopeleka mwanga kwenye dari peke yake. Watu wanakaa chini salama. Miili yetu ina joto, na hewa yenye joto hupanda. Ile iliyopumuliwa inapanda na chembe zake, inapita kwenye mwanga, inateremka ikiwa imesafishwa. Watu wenyewe ndio injini ya mtambo. Mimi nilipolielewa hilo nilikaa kimya kidogo.

Wells hakuwa mtu rahisi. Waliofanya kazi naye waliandika kwamba aligombana na wakubwa wake na kwamba hakujua kueleza mambo yake yakaeleweka. Aliondoka Harvard, na mwaka 1937 akaanza upya mjini Philadelphia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Huko yeye na Mildred wakaweka taa katika madarasa ya shule za Germantown na Swarthmore, madarasa mengine yakaachwa bila taa. Kisha wakangoja. Mwaka 1941 ukambi, au surua kama wanavyoita wenzetu wa Tanzania, ukalipuka mjini. Hesabu ilipofanywa, katika madarasa yasiyo na taa zaidi ya nusu ya watoto ambao hawakuwa wameugua kabla waliambukizwa. Katika madarasa yenye taa walioambukizwa walikuwa kama 13 katika kila 100. Ukambi ulikuwa ule ule. Tofauti ni taa.

Ningependa kusema kuwa tangu siku hiyo dunia ilishangilia, lakini haikuwa hivyo. Wengine waliporudia jaribio hilo, katika shule za vijijini za jimbo la New York na baadaye Southall karibu na London, taa hazikuonyesha faida kubwa kama ile. Wapinzani wakafurahi. Sababu lakini ilikuwa wazi: kule New York watoto wa madarasa yenye taa na yasiyo na taa walipanda mabasi yale yale ya shule, wakibanana na kukoholeana asubuhi na jioni. Taa ya darasani haimlindi mtu ndani ya basi. Anayetoka Malaba hadi Busia kwenye matatu iliyojaa, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi, hana haja ya kuelezwa zaidi. Kwa maoni yangu majaribio hayo hayakumpinga Wells. Yalithibitisha kwamba ugonjwa unafuata hewa mtu anayopumua mchana kutwa, si ya saa za masomo tu.

Mzee hakukata tamaa. Mwaka 1948 yeye na wenzake walionyesha kwamba sungura wakivutishwa chembe ndogo sana zenye kijidudu cha kifua kikuu huambukizwa, ilhali zile kubwa hukwama njiani. Mwaka 1955 alitoa kitabu chake juu ya maambukizo ya hewa. Wengi wakasema, sawa, sungura si binadamu; na nani amewahi kuona chembe kutoka kwa mgonjwa wa kweli?

Jibu lilitoka Baltimore, katika hospitali ya askari wastaafu. Wells, pamoja na daktari Richard Riley ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake, walitenga wadi ya wagonjwa sita wa kifua kikuu. Hewa yote iliyotoka katika wadi hiyo ilivutwa kwa mabomba hadi juu, kwenye chumba cha simbilisi. Simbilisi ni wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaofanana na panya mnene, na wanaambukizwa kifua kikuu upesi sana. Hawakuwahi kuonana na wagonjwa wala kuguswa nao. Hewa tu. Kazi ilianza mwaka 1956, na kwa miaka miwili simbilisi kama watatu walikuwa wakiambukizwa kila mwezi. Baada ya hapo wakatengeneza vyumba viwili. Kimoja kilipata hewa kama ilivyotoka wadini, na simbilisi wake wakaendelea kuambukizwa. Cha pili kilipata hewa ile ile baada ya kumulikwa kwa taa za urujuanimno njiani. Humo hakuambukizwa hata mmoja.

Matokeo ya mwisho yalichapishwa mwaka 1962. Wells alikuwa mgonjwa tayari, akafariki mwaka 1963. Mwaka huo huo chanjo ya ukambi iliruhusiwa Marekani. Dawa za kifua kikuu zilikuwa zimekwisha kupatikana tangu miaka ya 1940 na 1950. Nani basi angehangaika na taa za darini wakati kuna sindano na vidonge? Jina lake likawekwa kabatini.

Lilitolewa kabatini na Korona. Mnakumbuka mwaka 2020 hapa kwetu: malori yamepanga foleni ya kilomita nyingi nje ya Malaba, madereva wanalala siku kadhaa chini ya magari wakingoja majibu ya vipimo, nasi tunaogopa hata kuwauzia chai. Mwezi wa Machi mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ugonjwa huo hauenezwi kwa hewa, na watu wakaambiwa waoshe mikono na wakae mbalimbali. Linsey Marr, mtaalamu wa chembe za hewani wa Virginia, pamoja na wenzake, wakaamua kufukua chanzo cha sheria hiyo. Wakagundua kwamba Wells aliandika kuwa mpaka kati ya tone linaloanguka na linaloelea uko karibu na mikroni 100, lakini waliomfuata wakauchanganya na mikroni 5, ambacho ni kipimo cha chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Kwa kosa hilo chembe nyingi zinazoelea zilihesabiwa kuwa zinaanguka. Shirika lenyewe lilibadilisha maneno yake polepole, na mwezi wa Aprili mwaka 2024 likatoa istilahi mpya zinazokubali njia ya hewa waziwazi.

Sasa turudi kwa shangazi na taa yake. Je, inafaa nyumbani? Kule eMalahleni, Afrika Kusini, jaribio la Baltimore lilirudiwa kwa wagonjwa wa kifua kikuu sugu, na matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kuwa taa za juu, zikisaidiwa na feni za kuchanganya hewa, hupunguza maambukizo kwa kama asilimia 80. Kwa hiyo taa inafanya kazi, na Afrika. Lakini ile ilikuwa wadi yenye dari ya juu na mafundi wenye vipimo. Taa ya namna hii hutundikwa zaidi ya mita 2 kutoka sakafuni, na dari sharti iwe juu zaidi ya hapo. Nyumba nyingi za kupanga hapa mjini hazina dari kabisa, ni mabati, na kitu kinachong'aa kinaweza kurudisha mwanga chini kwa watu. Stima nayo ikipotea, taa ni pambo.

Na kuna hatari. Kinyozi mmoja wa Malaba, ambaye jina lake naliweka, alinunua balbu ya namna hiyo ikiwa tupu bila kizuizi, akaifunga kwenye kibanda chake usawa wa macho ili wateja waione. Alinyoa chini yake jioni nzima. Usiku aliamka akihisi kama macho yamejaa mchanga, machozi yanamtoka, hawezi kufumbua. Yalipona baada ya siku mbili, lakini balbu aliitupa. Nyingine hutoa pia gesi ya ozoni, ile yenye harufu kali, ambayo huumiza kifua. Fikiria kununua taa ya kutibu hewa ikakuletea kikohozi. Na ukiona zambarau usiamini kuwa umepata mwanga wenyewe, maana yaweza kuwa ni ndugu wa noti tu.

Kama mtu ana pesa na amekusudia, afadhali kile kisanduku chenye feni ambacho taa yake imefungiwa ndani, hewa ikaingia upande mmoja na kutoka upande wa pili, mwanga usionekane. Wataalamu pia wanajaribu mwanga wa nanomita 222 ambao hauzami sana katika ngozi wala macho, ingawa bei yake bado si ya watu kama sisi. Mahali ambapo mimi ningetaka kuona taa za Wells kwanza ni vyumba vya kungojea: zahanati, ofisi za mpakani, kumbi ambako madereva wa nchi tano huketi saa nyingi benchi moja. Kwa mjomba sisi tulichagua chumba chenye madirisha mawili yanayotazamana, yakaachwa wazi usiku na mchana, yakawekwa wavu kwa ajili ya mbu na nondo kwa ajili ya wezi.

Baada ya kusoma haya yote niliazima futi ya mwalimu wa hesabu nikapima bweni letu. Kutoka sakafuni hadi dari ni mita 2 na sentimita 90, kwa hiyo taa ya Mzee Wells ingetosha. Vitanda ni vya ghorofa, na anayelala juu akiketi kichwa chake kiko mita 2 na nusu, kwa hiyo yeye ingemmulika usoni. Madirisha ni manane. Matatu yamepigiliwa misumari tangu kabla sijajiunga na shule hii.